Ngala alihama upande mwaka 1964. Je, alitusaliti?

Jioni moja hapa Ukunda tuko maskani, mahamri yamekwisha, kahawa bado ipo, na mabishano yamewaka. Mada ni ile ile unayoijua: mbunge akihama chama, ni msaliti au ni mjanja? Mimi nilikuwa upande wa wale wakali. Nilisema anayehama anyimwe kura, kwisha maneno. Mzee anayetuuzia kahawa alikuwa kimya muda wote, kisha akatuuliza kama tunamjua Ronald Ngala. Mmoja wetu akajibu kwamba hiyo ni barabara ya Nairobi, ile yenye matatu. Tukacheka. Mzee hakucheka.

Nilirudi nyumbani na aibu kidogo. Chuo nilikiacha mwaka wa pili karo iliponishinda, kwa hivyo usinitarajie nikupe mhadhara. Lakini jambo likinikera hulifuatilia. Nimesoma, nimewauliza wazee, nimesoma tena. Na nikwambie mapema: ule ukali wangu wa maskani umepungua, ingawa haujaisha. Soma mpaka mwisho halafu uamue mwenyewe.

Mwalimu wa Kaloleni

Ronald Gideon Ngala alizaliwa mwaka 1923 Gotani, upande wa Kaloleni, katika ile ambayo leo ni Kaunti ya Kilifi. Mgiriama wa damu. Alisoma Shimo la Tewa, akaenda Alliance kule Kikuyu, kisha Makerere nchini Uganda, akatoka na diploma ya ualimu. Kwa kijana wa Kimijikenda wa miaka ile, hiyo ilikuwa safari ndefu kuliko ya ndege ya leo.

Alirudi Pwani akafundisha, na kufikia miaka ya 1950 alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya Buxton, Mombasa. Kabla ya hapo, mwaka 1949, alikuwa amechapisha kitabu kidogo cha Kiswahili kiitwacho Nchi na Desturi za Wagiriama. Alikuwa na miaka 26. Ona hicho kichwa. Neno la kwanza ni nchi. Huyu mtu alikuwa anafikiria habari ya ardhi na watu wake kabla hajawa mwanasiasa.

Kisha ukaja mwaka 1957. Serikali ya wakoloni iliwaruhusu Waafrika kuchagua wajumbe wao wenyewe katika Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Lakini hebu ona kura yenyewe ilivyokuwa. Si kila mtu alipiga. Ulipimwa kwa elimu, mapato, mali, umri na utumishi wako, na mwenye sifa nyingi alipewa hadi kura tatu. Yaani bibi yako wa Mwabungo asiyesoma angebaki nje, na karani wa Mombasa angepiga mara tatu.

Viti vilikuwa vinane kwa Kenya nzima. Pwani yote ilipewa kimoja. Kuanzia Vanga mpakani mpaka Lamu, pamoja na Taita na Tana, mjumbe mmoja tu. Ngala akakichukua. Kwa hivyo hili uliweke akilini: Mwafrika wa kwanza aliyechaguliwa kuzungumza kwa niaba ya Diani, Msambweni na Kinango katika baraza la nchi alikuwa mwalimu huyu kutoka Kaloleni. Alikuwa mbunge wetu pia.

Kukataa minofu

Wenzake saba unawajua wengi wao: Tom Mboya, Oginga Odinga, Daniel arap Moi, Masinde Muliro na wengine. Walipoingia tu, wakoloni waliwawekea minofu mezani, vyeo vya uwaziri. Wakakataa. Walisema mfumo wenyewe ni wa dhuluma, Waafrika mamilioni wana viti vinane, hawawezi kuukubali kwa kupokea gari na ofisi. Ngala alisimama nao. Msimamo ule ulizaa matunda: mwaka uliofuata Waafrika waliongezwa viti sita.

Mwanzoni mwa 1960 walikwenda London kwa mkutano wa kwanza wa Lancaster House. Waafrika walihitaji kiongozi wa msafara. Mboya na Odinga walikuwa wakubwa, lakini walikuwa hawaivi chungu kimoja. Aliyechaguliwa kuongoza ujumbe ni Ngala, na Mboya akawa katibu. Walirudi na ahadi ya Waafrika kuwa wengi katika baraza. Ukitaka kujua ni nani alikuwa na heshima ya pande zote mwaka ule, jibu ndilo hilo.

Lakini miezi michache baadaye mambo yakabadilika. Mwezi wa tano 1960 KANU iliundwa Kiambu. Ngala alichaguliwa mweka hazina hali hayupo. Moi naye vivyo hivyo, msaidizi wake. Wote wawili wakakataa. Tarehe 25 Juni, kule Ngong, kikazaliwa chama kingine, KADU. Ngala akawa rais wake.

Kwa nini? Hapa ndipo penye moyo wa hadithi. KANU ilikuwa na nguvu kwa Wakikuyu na Wajaluo, makabila makubwa. Wamijikenda, Wakalenjin, Wamasai na Waluhya wa upande wa Muliro walijiuliza: mzungu akiondoka, nani atashika kalamu ya kugawa ardhi? Kwa mtu wa Pwani swali hilo halikuwa la kubahatisha. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ilikuwa tayari imefanya ardhi ambayo haikudaiwa kwa karatasi kuwa ya serikali. Watu wengi wa Kimijikenda hawakuwa na karatasi. Walikuwa na minazi, makaburi na kaya, na vitu hivyo havikuhesabiwa ofisini. Wakageuka maskwota katika ardhi ya babu zao. Tembea leo kutoka Diani mpaka Ramisi uulize watu kuhusu hatimiliki, utaona kwamba swali la Ngala bado liko hai.

Doa la kwanza

Sasa nisije nikakuchorea malaika. Uchaguzi wa Februari 1961 KANU ilipata viti 19, KADU 11. KANU ikasema haiundi serikali mpaka Jomo Kenyatta aachiliwe. Gavana akamgeukia Ngala, na Ngala akakubali. Kwa msaada wa chama cha walowezi cha Michael Blundell, akaunda serikali na kuwa kiongozi wa shughuli zake barazani. Mtu aliyeshindwa kwa kura akawa mwenye kiti.

Wengi hawakumsamehe hilo. Walimwita kibaraka. Na ukweli usemwe, walowezi waliipenda KADU kwa sababu zao wenyewe: serikali kuu dhaifu ingewaachia mashamba yao. Ngala alijua nani anampigia makofi, na bado akaendelea.

Upande wake una hoja pia. Alidai kwamba kuingia serikalini ndiyo njia ya kumtoa Kenyatta haraka. Mwezi wa nane mwaka ule ule Kenyatta akarudishwa Gatundu, huru. Unaweza kusema angeachiliwa tu hata hivyo. Inawezekana. Lakini kwenye rekodi imeandikwa kwamba aliachiliwa wakati wa serikali ya Ngala, na wengi walisahau hivyo haraka mno.

Mpaka ungepita kati yetu

Kuna sehemu ya hadithi hii inayotuhusu sisi wa Kwale moja kwa moja, na naona aibu kwamba sikufundishwa nikaikumbuka.

Wakati ule Pwani haikuwa sehemu ya koloni la Kenya kisheria. Ukanda wa maili kumi kutoka baharini, kuanzia Vanga mpaka Kipini, ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar. Waingereza walikuwa wanausimamia tu kwa mkataba wa mwaka 1895, na wanamlipa kodi. Ndiyo maana bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Fort Jesus. Uhuru ulipokaribia, ikazuka harakati iliyoitwa Mwambao. Waliotaka Mwambao walisema ukanda huu ujitawale peke yake au urudi Zanzibar, usifuatane na Kenya ya bara.

Chukua ramani uone maana yake. Diani, Msambweni, Gazi, Shimoni na Vanga zingekuwa nchi moja. Kinango ingekuwa nchi nyingine. Mtu wa Ukunda kwenda kwa shangazi yake Kinango angehitaji kuvuka mpaka. Wilaya ya Kwale ingekatwa kama papai.

Watu walikuwa wamegawanyika, na si ajabu. Waislamu wengi wa mwambao waliogopa kumezwa na bara: mahakama za kadhi zitakuwaje, dini itaheshimiwa? Hofu yao ilikuwa ya kweli. Ngala, ambaye ni Mkristo na Mgiriama wa ndani, angeweza kuipuuza. Lakini msimamo wake ulikuwa wa katikati. Alipinga kuukata ukanda, akisema Pwani yote, ya ufukweni na ya ndani, ni kitu kimoja na ibaki Kenya. Papo hapo akasema hofu ya watu wa Pwani itibiwe kwa kuwapa mamlaka yao ndani ya Kenya hiyo. Dawa hiyo aliiita majimbo.

Suala la Mwambao liliisha Oktoba 1963, Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, walipobadilishana barua. Sultani aliachia ukanda, na Kenya ikaahidi kulinda mahakama za kadhi. Mahakama hizo ziko mpaka leo, na zimo katika katiba. Sehemu hii ya msimamo wa Ngala ilishinda kabisa. Ndiyo sababu Kinango na Msambweni ni kaunti moja.

Majimbo kwenye karatasi

Mwaka 1962 walirudi Lancaster House, safari hii KANU na KADU wakitazamana kama paka na panya. Mkutano ulichukua wiki kadhaa. Ngala alikaa kwenye neno moja, majimbo, na hakutoka hapo. KANU iliona ni njama ya kuigawa nchi kikabila. Mwishowe KANU ilikubali, shingo upande, ili uhuru usicheleweshwe. Wakarudi nyumbani kwa serikali ya mseto, Kenyatta na Ngala wakiwa mawaziri kando kwa kando, wote wakishughulikia katiba.

Katiba iliyotoka iligawa nchi katika majimbo saba pamoja na eneo la Nairobi. Kila jimbo lilikuwa na baraza lake. Kulikuwa na Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya pamoja na Nairobi, kwa hivyo Kwale ilikuwa na seneta wake tangu 1963. Majimbo yalipewa sauti katika mambo ya ardhi, elimu, afya na hata polisi. Na ili mtu asije akaifuta katiba usiku mmoja, iliwekewa kufuli: kubadilisha vifungu vikuu kulihitaji asilimia 75 ya Baraza la Wawakilishi na asilimia 90 ya Seneti.

Sasa fikiria umefika hapo. Una karatasi yenye kila kitu ulichopigania. Halafu mwezi wa tano 1963 unakwenda kwenye uchaguzi, na unashindwa vibaya. KANU ilipata viti zaidi ya mara mbili ya KADU. Kenyatta akawa Waziri Mkuu, Ngala akawa kiongozi wa upinzani. Katiba yake ikabaki mikononi mwa watu wasioitaka.

Walifanya nini? Hawakuichana mara moja. Waliichelewesha. Pesa za majimbo hazikufika kwa wakati. Madaraka yaliyoandikwa hayakukabidhiwa. Watumishi walibaki wakipokea amri kutoka Nairobi. Kama umewahi kuona wafanyakazi wa kaunti wakigoma kwa sababu pesa kutoka Hazina zimechelewa, basi unaujua mchezo huo. Umeanza zamani.

Huku bungeni, wabunge wa KADU walianza kuhama mmoja mmoja. Upinzani hauna bursari za kugawa, hauna barabara za kuahidi. Mpiga kura anataka maji, mbunge anataka kurudi. Kila wiki Ngala alihesabu watu wake na kila wiki walipungua.

Tarehe 10 Novemba 1964

Serikali ilileta mswada wa kuifanya Kenya kuwa jamhuri, yenye rais mwenye nguvu, na ndani yake ukapunguza mamlaka ya majimbo. Ilihitaji zile kura za kufungua kufuli. Kama isingezipata, ilitishia kwenda kwa wananchi kwa kura ya maoni.

Siku hiyo Ngala alisimama bungeni na kutangaza kwamba KADU imevunjwa. Yeye na wenzake walihamia upande wa serikali. Upinzani rasmi ukaisha hapo. Mswada ukapita, na tarehe 12 Desemba 1964 Kenya ikawa jamhuri chini ya chama kimoja bungeni.

Hii ndiyo siku mzee wa kahawa alitaka tuijue. Mtu aliyepigania majimbo kwa miaka minne, aliyeyaweka kwenye katiba kwa jasho, ndiye aliyefungua mlango yakatolewa.

Sababu alizotoa ni za umoja wa taifa. Nchi changa, haifai kugombana. Wako wanaoamini hilo, na wako wanaosema alikuwa amebanwa hana pa kutokea, ilikuwa ama avunje chama kwa heshima au kimvunjikie mikononi. Mimi naona vyote viwili vinaweza kuwa kweli kwa pamoja. Lakini kuna jambo linanisumbua: hakurudi kwanza kwa wapiga kura. Watu wa Pwani walimpigia kura kwa sababu ya majimbo. Hawakuulizwa kabla ya majimbo kuwekwa mezani. Kura ya maoni ambayo serikali ilitishia kuiita, labda ndiyo ingekuwa nafasi yao ya kusema. Pengine wangeshindwa. Lakini wangekuwa wamesema.

Na kuna hili ambalo sikulijua kabla. Mwaka 1966 Oginga Odinga alitoka KANU na kuunda KPU, na wabunge kadhaa wakamfuata. Haraka haraka bunge likapitisha sheria: mbunge anayehama chama kilichomchagua apoteze kiti, arudi kwa wapiga kura. Wabunge karibu thelathini wakalazimika kwenda kwenye uchaguzi mdogo, na wengi wakaanguka. Miaka miwili tu nyuma, wale wa KADU walipohama, hakuna aliyerudishwa kwa mpiga kura. Yaani kuhama kwenda serikalini kulikuwa uzalendo, kuhama kutoka serikalini kukawa kosa. Na mwaka huo huo wa 1966 Ngala aliingia katika baraza la mawaziri, akapewa Vyama vya Ushirika na Huduma za Jamii.

Umeelewa sasa kwa nini mzee hakucheka?

Waziri, na barabara ya Konza

Mwishoni mwa 1966 Seneti ilivunjwa. Kiti cha seneta wa Kwale kikaenda nayo. Kufikia 1968 hata mabaki ya mabaraza ya majimbo yalikuwa yamefutwa. Mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya, watu wa kuteuliwa, wakawa ndio wenye neno la mwisho. Yote hayo yalifanyika Ngala akiwa upande wa serikali.

Je, alipata nini kwa ajili ya Pwani? Alibaki sauti kubwa ya Pwani ndani ya serikali, na mambo ya ushirika yaliwagusa wakulima wa korosho na nazi. Baadaye akawa Waziri wa Nguvu za Umeme na Mawasiliano. Hakuwa peke yake: Robert Matano, mtu wa upande wa Mazeras ambaye naye alianzia KADU, alipanda ndani ya KANU mpaka akakaimu ukatibu mkuu baada ya Mboya kuuawa mwaka 1969. Kwa hivyo watu wa Pwani walikuwa mezani. Lakini kukaa mezani na kushika kisu ni mambo mawili. Ardhi ya ufukweni iliendelea kugawanywa kutoka Nairobi, na waliokuwa maskwota 1963 walibaki maskwota.

Desemba 1972, gari lake lilipata ajali karibu na Konza, barabara ya Mombasa kwenda Nairobi. Taarifa iliyosambaa ni kwamba nyuki waliingia ndani ya gari na dereva akashindwa kulimudu. Ngala alifariki siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba, akiwa na miaka 49. Alizikwa kwao Vishakani, Kaloleni.

Watu wengi wa Pwani hawakuwahi kuikubali habari ya nyuki. Hadi leo ukiitaja mbele ya mtu wa miaka sabini, atakutazama tu. Mimi sitakuuzia njama ambayo siwezi kuithibitisha. Nakwambia tu kwamba watu wanapoacha kuamini taarifa za serikali yao, shida huwa imeanza mapema, kabla ya hao nyuki.

Neno lililorudi vibaya, kisha vizuri

Majimbo hayakufa na Ngala. Miaka ya 1990, vyama vingi viliporudi, neno lile liliokotwa na watu wengine na kunolewa kama panga. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na ghasia zikashuka huku kwetu kusini, mpaka Ukunda na Diani. Watu waliuawa, na waliolengwa wengi ni wale walioitwa wa bara, majirani tuliokula nao. Hoteli zikafungwa, kazi zikaisha. Sisi tuliozaliwa baadaye tulikuta jina tu la mambo hayo, lakini wazazi wetu bado wanayahesabu.

Lazima tuliseme hili tukimsema Ngala. Majimbo yake yalikuwa ya sheria na mabaraza, hayakuwa ya kufukuza watu. Lakini hofu ya makabila makubwa, ukiipa jukwaa bila kuipa mipaka, anaweza kuja mwingine akaifanya kitu kibaya. Hilo nalo liko kwenye hesabu yake, hata kama hakulitaka.

Kisha Agosti 2010 Wakenya wakapigia kura katiba mpya. Kaunti 47, kila moja na gavana na bunge lake. Seneti ikarudi. Sheria inataka angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa iende kwa kaunti. Kwale ni kaunti nambari mbili, baada ya Mombasa, na ina wadi 20. Si majimbo yale yale: polisi ni wa taifa, na ardhi ya umma inasimamiwa na tume ya taifa. Lakini wazo kwamba Msambweni isiombe Nairobi ruhusa ya kununua dawa za hospitali, hilo ni wazo la mwalimu wa Buxton. Lilirudi miaka 38 baada ya kifo chake.

Mimi mwenyewe nikiwa chuo niliwahi kupanga foleni ya bursari katika ofisi moja, na sikuipata. Nilikasirika sana. Lakini ofisi ile nilifika kwa boda ya shilingi hamsini, na nilijua nani wa kumkasirikia. Baba yangu wakati wake angemkasirikia mtu wa Nairobi ambaye hatamwona maisha yake yote. Tofauti hiyo ndogo ndiyo Ngala alikuwa anaipigania.

Basi, alitusaliti?

Nimefika hapa na jibu langu. Nitakupa, na wewe uko huru kulikataa.

Ngala alikuwa sahihi kuhusu Pwani kubaki moja. Alikuwa sahihi kuhusu mamlaka kuwa karibu na watu, na nchi ilichukua karibu nusu karne kukubali. Alikosea mwaka 1961 kukalia kiti ambacho hakushinda. Na mwaka 1964 aliachilia kitu ambacho hakikuwa chake peke yake kuachilia. Sidhani alikuwa mnunuliwa. Nadhani alichoka, akahesabu, akaona hawezi. Lakini mtu unayemtuma akuwakilishe, akichoka, arudi akwambie.

Katiba ya sasa inasema mbunge akikihama chama kilichomleta anapoteza kiti. Lakini unajua vile wanavyofanya. Hahami kwa karatasi. Anabaki na chama kwa jina, anapiga picha na upande ule, anapiga kura na upande ule, halafu anatuambia ni maendeleo. Hakuna chama kinachovunjwa, hakuna siku unayoweza kuitaja. Angalau Ngala alisimama bungeni, mbele ya nchi, akalisema kwa mdomo wake. Tarehe tunayo.

Kwa hivyo nina ombi moja kwako kabla ya 2027, na halina gharama zaidi ya bando kidogo. Kumbukumbu rasmi za Bunge, ile wanayoita Hansard, zipo kwenye tovuti ya Bunge. Tafuta jina la mbunge wako, awe wa Msambweni, Lunga Lunga, Matuga au Kinango. Angalia amesema nini kuhusu ardhi, na mswada wa kodi ulipokuja alikuwa wapi. Umeona hajasema kitu miaka mitano? Nalo ni jibu. Usimpime kwa leso aliyogawa wala kwa wimbo wa kampeni.

Nilirudi maskani wiki iliyofuata nikamweleza mzee wa kahawa nilichosoma. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia kikombe, hakuchukua pesa. Kisha akaniuliza mbunge wangu wa sasa alipiga kura gani mara ya mwisho.

Sikuwa na jibu. Ndiyo kazi niliyo nayo wiki hii.